Sura ya Tano: Pango Halina Swichi

Eastlands, upande wa mashariki wa Nairobi, ni nchi ya mashimo. Dampo la Dandora, ambalo moshi wake huwafikia watu wa Korogocho na Kariobangi kabla hawajaamka, lilianzishwa mwaka 1975 ndani ya timbo la mawe lililokuwa limeachwa. Taka zikajaza shimo, zikapanda juu yake, na mwaka 2001 ikatangazwa kwamba pamejaa. Malori hayakusikia tangazo hilo. Mathare ilikuwa machimbo ya mawe kabla haijawa makazi ya watu. Njiru na Kayole nazo zina matimbo yao, mengine yakiwa yameachiwa mvua. Sababu iko chini ya miguu yetu: ule udongo mweusi unaonasa viatu wakati wa masika umelala juu ya mwamba mgumu uliotoka ardhini ukiwa moto, takribani miaka milioni 5 iliyopita, na mji ulipotaka mawe ya kujengea ulikuja kuyachukua huku kwetu.

Kwa hiyo mtoto wa mitaa hii hujua shimo mapema. Wazazi walituonya tusiende timboni, na sababu waliyotupa ilikuwa joka kubwa linalokaa chini ya maji, au jini, ikitegemea uliishi ploti gani. Hakuna aliyetueleza kwamba ukingo wa timbo hauteremki polepole kama ufuo, kwamba unakanyaga hatua moja maji yakiwa magotini na hatua ya pili huna pa kukanyaga. Tukaenda, tukalitafuta joka, hatukuliona, tukaamua wazee ni waongo. Tukaoga.

Siku hizi vijana wa Umoja, Buruburu na Donholm wana vikundi vya matembezi. Mtu anatuma pesa kwa M-Pesa, anaingizwa kwenye kundi la WhatsApp, na alfajiri ya Jumamosi matatu ya kukodi inaondoka na watu waliovaa viatu vipya. Wengi huanzia Ngong au Longonot. Wakishachoka na vilima, mtu mmoja kundini huuliza habari ya mapango, na jibu huwa Suswa. Nimeandamana na vikundi hivi, na nimeona jambo lile lile la timboni likijirudia kwa watu wazima. Woga unakuwa mwingi mahali ambapo hatari ni ndogo, halafu unamtoka mtu kabisa palipo na hatari yenyewe. Ningependa sura hii isaidie kuuhamisha woga huo, maana kuufuta haiwezekani na wala haifai.

Suswa ni mlima wa volkeno wenye kimo cha mita 2,356, ng'ambo ya Mai Mahiu, mahali ambapo Narok inapakana na Kajiado. Wamasai wanafuga juu yake na ndio wanaoendesha hifadhi ya jamii na kuwaongoza wageni. Mapango yake hayakuchimbwa na maji kama yale ya mawe ya chokaa kule Pwani. Lava ilitiririka mteremkoni, sehemu ya juu ikapoa na kuganda, ya chini ikaendelea kukimbia, kama uji unaofunga utando huku chini ukichemka. Lava ilipokwisha kupita ukabaki mfereji mtupu wenye paa. Baadaye paa likaporomoka hapa na pale, na matundu hayo ndiyo milango tunayoingilia leo. Kenya ina mapango mengi ya namna hii. Lile la Leviathan, kwenye vilima vya Chyulu, lina urefu unaozidi kilomita 11, na kuna wakati lilihesabiwa kuwa refu kuliko mapango yote ya lava yaliyojulikana duniani.

Mlangoni mwa pango la Suswa unashuka kwa mikono na makalio. Usione aibu, hata waongozaji hufanya hivyo mahali pengine. Mawe yaliyoanguka kutoka paani yamekaa ovyo, mengine yanacheza ukiyakanyaga, na vumbi lililo juu yake ni laini mno. Ukimulika ukutani utaona mistari iliyolala, mmoja juu ya mwingine, kama mita moja kutoka chini hadi kifuani. Kila mstari unaonyesha kimo ambacho lava ilifikia siku fulani kabla ya kupungua. Paani kuna vichirizi vilivyoganda vikiwa vinadondoka. Ukigusa kimoja utashangaa kwamba ni cha ubaridi, maana macho yanakwambia kingali kibichi.

Halafu mwongozaji anasema, “Zimeni tochi zote. Na simu.”

Mtu aliyekulia Eastlands hajawahi kuona giza. Stima zikipotea Kayole, bado kuna mulika mwizi wa mtaa wa pili, kuna taa za magari ya Kangundo Road, kuna mwenye duka aliyewasha mshumaa, na mawingu yenyewe juu ya Nairobi huwa na rangi ya machungwa usiku kucha. Ndani ya pango macho hayazoei, hata ukae saa nzima, kwa sababu hakuna mwanga hata kidogo wa kuyazoesha. Unainua mkono mbele ya uso na ubongo, kwa kuwa unajua mkono uko pale, unakudanganya kwamba umeuona. Watu wa kundi letu walianza kwa kucheka. Kicheko kikaisha. Mmoja akawa anasali kwa sauti ya chini, na mtu nisiyemjua akashika mkono wa jaketi yangu wala hakuomba ruhusa. Nilisikia moyo wangu ukipiga masikioni, na mahali fulani mbali tone la maji. Ni furaha ya ajabu ile, na sioni haja ya kuitafutia maelezo marefu. Mwili umeambiwa kuna hatari, umejaa nguvu za kukimbia, na hakuna cha kukimbia. Tochi zilipowashwa kila mtu alikuwa anaongea kwa wakati mmoja.

“Kaka, chui wako humu?” dada mmoja akamuuliza mwongozaji.

“Wako. Lakini dada, wewe angalia pale unapokanyaga.”

Jibu hilo limenikaa kichwani, kwa sababu kila neno lake ni kweli. Chui wa Suswa si hadithi. Mwaka 1966 mchunguzi wa mapango J. W. Simons aliandika juu ya mabaki ya chakula aliyoyakuta katika maficho ya chui ndani ya mapango hayo, yakiwemo mifupa ya nyani. Nyani nao wana sababu ya kuwa humo. Jioni huingia mapangoni kulala, na chumba kimoja chenye miamba iliyosuguliwa na miili yao kwa miaka mingi waongozaji hukiita Bunge la Nyani. (Kila mgeni hupiga mzaha ule ule kuhusu jina hilo, nami sitaurudia.) Nyani wanaingia kulikimbia giza la nje lenye chui, na chui anawafuata ndani.

Mifupa hiyo ya Suswa ilifika mbali. Kule Afrika Kusini, mtaalamu C. K. Brain alikuwa akijiuliza ni nani aliyekusanya mifupa ya jamaa wa kale wa binadamu katika mapango ya Swartkrans. Wengine walikuwa wamesema ni wao wenyewe waliouana kwa silaha. Brain alitazama mahali chui wanapolia nyama leo, Suswa ikiwemo, akalitazama na fuvu la mtoto mmoja wa Swartkrans lililotobolewa matundu mawili nyuma. Meno ya chini ya chui yaliingia katika matundu yale sawasawa. Kwa hiyo yule dada aliyeuliza habari ya chui hakuwa mjinga. Alikuwa amebeba swali la kale sana. Ila mtu wa leo anaingia pangoni mchana, akiwa na kundi la watu wenye kelele na taa, na chui akisikia hayo huondoka. Kinachomvunja mguu ni jiwe linalocheza.

Na giza halikuwa adui wa kila mtu. Katika pango la Panga ya Saidi, Kilifi, watafiti wakiwemo wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya walifukua kaburi la mtoto wa umri wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita. Habari zake zilichapishwa Mei 2021. Alilazwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kifuani, na jinsi mifupa ilivyokaa inaonyesha kwamba mwili ulikuwa umefungwa na kitu na kichwa kiliwekewa kitu cha kukiegemeza. Wachunguzi walimpa jina la Mtoto, na ni kaburi la binadamu la kale kuliko yote yanayojulikana Afrika. Waliomzika hawakumtupa shimoni. Walimlaza nyumbani.

Nairobi yenyewe ina mfano wa karibu zaidi. Tarehe 24 Aprili 1954 serikali ya kikoloni iliuzingira mji kwa Operesheni Anvil, mitaa ya Waafrika ya Eastlands ikapekuliwa nyumba kwa nyumba, na watu kwa maelfu wakapelekwa vizuizini. Katika msitu wa Karura, upande wa pili wa mji, kuna mapango walimojificha wapiganaji wa Mau Mau. Mtu aliyelala humo alikuwa na sababu zote za kuupenda ule mlango mwembamba na kuogopa mwanga wa nje. Leo familia huenda Karura Jumapili, wanapiga picha mlangoni, wanarudi kula.

Sasa nije kwa vitu ambavyo sijawahi kusikia mgeni akiviuliza kwenye matatu.

Cha kwanza ni popo, na simaanishi kwamba ataingia kwenye nywele zako. Katika Mlima Elgon kuna pango la Kitum, linaloingia ndani ya mlima kiasi cha mita 200. Tembo huingia humo usiku, wakipapasa njia kwa mikonga, wakavunja mwamba kwa pembe na kuula kwa ajili ya chumvi. Ndani kuna ufa ambamo ndama wa tembo wamewahi kutumbukia na kufa. Mtu akisimuliwa hayo anatamani kwenda, na mimi ni mmoja wao. Lakini Januari 1980 Mfaransa mmoja aliyefanya kazi katika kiwanda cha sukari cha Nzoia, na aliyekuwa ametembelea Kitum, alifia Nairobi kwa ugonjwa wa Marburg. Daktari aliyemhudumia aliambukizwa, akapona. Mwaka 1987 kijana wa Kidenmark wa miaka 15, naye alikuwa ameingia Kitum, akafa kwa ugonjwa huo huo. Watafiti walikwenda kuvitafuta virusi pangoni wakarudi mikono mitupu. Jibu lilipatikana Uganda, baada ya wachimba madini wa Kitaka kuugua mwaka 2007: virusi hai vikatolewa katika popo wala matunda wanaolala mapangoni kwa maelfu. Mwaka 2008, watalii wawili waliokuwa wameingia pango moja la magharibi mwa Uganda lenye popo hao na chatu waliugua kwa nyakati tofauti. Mmoja, Mmarekani, alipona. Mwingine, Mholanzi, alikufa. Nadhani waliingia wakimwogopa chatu.

Popo wa Suswa wanaojulikana zaidi ni wa aina nyingine, wenye masikio makubwa, na chakula chao ni wadudu. Hiyo si ruhusa ya kupiga teke vumbi la kinyesi chao. Katika kinyesi cha popo huota kuvu ambayo mbegu zake zikivutwa huingia mapafuni na kuleta ugonjwa unaofanana na kifua kikuu. Mapango ya Amboni, karibu na Tanga, yalitajwa kwenye jarida la kitabibu mwaka 1960 kuwa mojawapo ya makao ya kuvu hiyo. Barakoa tulizozoea wakati wa korona zinaweza kurudi kazini hapa, ingawa hazizuii kila kitu, na ukirudi nyumbani ukakohoa wiki kadhaa, mwambie daktari kwamba uliingia pangoni. Asipoambiwa hatabuni.

Cha pili ni hewa. Wakazi wa Goma, mashariki mwa Kongo, wanajua habari ya mazuku: gesi ya kaboni dioksidi inayotoka kwenye ardhi ya volkeno na, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hutulia katika mabonde madogo na mashimo. Haina rangi wala harufu. Mbuzi anainama kula majani, hainuki tena. Mtoto anayemfuata naye vilevile. Sisi wa Eastlands tunaijua hali hiyo kwa sura nyingine. Kijana anashuka kuzibua shimo la choo, anaanguka, mwenzake anashuka kumwokoa, naye anaanguka. Magazeti yameandika kisa hicho mara nyingi, na karibu kila mara aliyekufa wa pili alikuwa mzima kabisa dakika chache kabla. Pangoni sheria ni ile ile. Mtu akidondoka bila sababu mahali pa chini, usishuke. Ukihisi kichwa kinauma na pumzi zinakuwa fupi bila kazi, geuka utoke juu, na uwatoe wenzako.

Cha tatu ni maji, na hapa ndipo ningeomba msomaji asome polepole.

Korongo la Ol Njorowa katika Hell's Gate si pango, ila kuta zake zinakaribiana kiasi kwamba ukiwa chini unaona utepe tu wa anga. Aprili 2012 vijana saba wa kundi la kanisa walisombwa na mafuriko humo. Septemba 2019 watu wengine saba wakafa mahali hapo hapo. Mvua ya korongo hunyesha mbali, juu ya vilima usivyoviona, na maji hutanguliza sauti kabla ya kuja yenyewe. Ukisikia sauti hiyo umebakiwa na muda mfupi wa kupanda, kama kuna pa kupandia. Huko Thailand, tarehe 23 Juni 2018, wavulana 12 wa timu ya mpira na kocha wao waliingia pango la Tham Luang baada ya mazoezi. Mvua ikafunga njia nyuma yao. Walipatikana Julai 2, na waokoaji wa nchi nyingi waliwatoa wote wakiwa hai kati ya Julai 8 na 10, wakiwa wamelazwa kwa dawa ili wasihangaike ndani ya maji. Mpiga mbizi Saman Kunan alikufa Julai 6 akirudi baada ya kupeleka mitungi ya hewa. Wale walikuwa watoto wa umri wa wale wanaocheza mpira Umoja na Dandora kila jioni, na hawakufanya jambo lolote la kipumbavu. Waliingia mahali walipozoea kuingia.

Wapenda mapango wa dunia nzima wana mazoea yaliyotokana na misiba kama hiyo, na hayahitaji pesa nyingi. Kundi lisipungue watu wanne: mmoja akiumia, wa pili anabaki naye, wawili wanatoka pamoja kuita msaada. Kila mtu awe na taa tatu, ya kichwani na mbili za akiba, na tochi ya simu isihesabiwe, maana simu ndiyo itakayopiga picha mpaka chaji iishe. Kofia ngumu ya bodaboda ni afadhali kuliko kichwa kitupu. Aliyebaki nyumbani aambiwe mnaingia pango gani na saa ngapi ikipita aanze kupiga simu. Na mwongozaji wa pale akisema leo hatushuki, msimbembeleze kwa sababu mmekwisha kulipa matatu. Niliwahi kuona kundi likimbembeleza hivyo. Alikataa, watu wakanuna hadi Mai Mahiu, na nadhani walimpunguzia bahashishi. Ningekuwa na madaraka ningempandisha cheo.

Hayo yote ni kwa ajili ya mtu mzima aliyechagua mwenyewe kwenda kutishwa. Mtoto wa Njiru hakuchagua. Timbo liko nyuma ya nyumba yao, mvua ya Aprili inalijaza, jua la mchana linayafanya maji yang'ae, na hakuna mwongozaji wa kusema leo hatushuki. Kila mwaka watoto huzama katika matimbo yaliyoachwa ya Nairobi na viunga vyake, na kila mara jirani anasema walikuwa wamezoea kuoga pale. Shimo lililoachwa huvuta na mabaya mengine. Julai 2024, katika timbo la zamani la Kware, Mukuru, lililogeuzwa jaa la taka, ilitolewa miili ya watu ikiwa ndani ya magunia, mingi yake ya wanawake. Kituo cha polisi hakiko mbali na hapo.

Sheria haikosekani. Sheria ya Madini ya 2016 inamtaka aliyepewa kibali cha kuchimba airudishe ardhi katika hali inayofaa akimaliza, na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ina uwezo wa kutoa agizo la kurejesha mazingira kwa aliyeyaharibu. Wewe unayeishi karibu na timbo lililo wazi, andika barua: taja mahali, taja jina la mwenye kiwanja kama unalijua, ambatanisha picha, ipeleke NEMA na nakala kwa chifu na kwa mwakilishi wa wadi, na ubaki na nakala yako iliyopigwa muhuri. Fanya hivyo kabla shule hazijafungwa. Na ukiwaonya watoto wasiende, waache joka na jini wapumzike. Waeleze habari ya ile hatua ya pili.